Pima Kumi na Nne za Waya

Siku ile nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya yoti moja katika hori ya Kilifi, kichwa kimeinamia ngama, tochi mdomoni. Vipima vyake vitatu vilikuwa vimekufa: cha kina, cha mwendo na cha upepo. Mwenye chombo alikwisha kununua vipya. Kazi yangu ilikuwa kupitisha nyaya, kutoka ncha ya mlingoti na kutoka tumbo la chombo, hadi penye usukani.

Yoti ile ilijengwa Uingereza miaka ya 1970, mwili wake wa faiba na mlingoti wa alumini. Nilipobandua ubao wa ubavuni nilikuta nyaya za vizazi vitatu zimelala pamoja. Kila fundi aliyepita alikuwa ameongeza wake na kuuacha wa mwenzake. Wa kwanza ulikuwa mnene na mweusi, wa kipima kina cha zamani. Wa pili ulikuwa wa kijivu, wenye nyuzi nyingi za rangi, ukipanda mlingotini. Wa tatu ulikuwa jozi za nyuzi zilizosokotwa. Mimi nilikuwa naleta wa nne.

Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi zilizopakia boriti Lamu na kuzishusha Mombasa. Hakuwahi kuwa na waya hata mmoja chomboni. Alikuwa na bildi: kipande cha risasi, kamba, na shahamu iliyopakwa katika tundu la kitako chake. Maji yakianza kubadilika rangi alisimama omo, akaitupa, kisha akaivuta akiihesabu kwa mikono iliyotanuliwa. Kila mtanuo ni pima moja, karibu mita 1.8. Halafu akageuza kitako kutazama kilichonata kwenye shahamu: mchanga, tope, au mkwaruzo mtupu wa mwamba. Nahodha aliyekuwa tezi alipata habari mbili kwa sauti moja: kina ni pima ngapi, na chini kuna nini.

Chombo hicho ni cha kale kuliko bandari zetu zote. Herodoto, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba baharia aliye mwendo wa siku moja kutoka pwani ya Misri akishusha bildi atapata tope, na kina cha pima 11. Kipimo chake pia kilikuwa mikono miwili iliyotanuliwa. Nilipolisoma hilo nilimwona baba.

Mwendo nao ulipimwa kwa kamba. Wazee wetu walikuwa na neno batli, kwa kupima mwendo wa chombo na kwa daftari la safari pia. Katika meli za Ulaya walitupa kibao nyuma ya chombo, kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo, na kijana akashika chupa ya mchanga. Chupa ya sekunde 28 ilikwenda na mafundo yaliyoachana mita 14.4. Mafundo yaliyopita mkononi kabla mchanga kwisha ndiyo yaliyokuwa mwendo, na mpaka leo mwendo wa chombo huhesabiwa kwa fundo.

Mwaka 1861 Thomas Walker wa Birmingham alisajili kipima cha kukokota, chenye mapezi yanayozungushwa na maji. Mwanzoni ilibidi kukivuta chomboni ili kukisoma. Baadaye saa yake ikahamishiwa tezi, na kamba yenyewe ikawa ndiyo inayozunguka na kuisukuma mishale. Kwangu mimi, kamba ile ndiyo mama wa nyaya zote ninazozipitisha. Habari ilianza kusafiri yenyewe kutoka majini hadi machoni pa nahodha, bila mkono wa mtu kuivuta.

Kina kilichelewa zaidi. Mwaka 1913 Alexander Behm, Mjerumani, alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi. Sauti baharini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye maji ya mita 15 hushuka na kurudi katika sehemu mbili za mia za sekunde. Hakuna sikio linaloweza kugawa muda huo, na mashine za kwanza za kuugawa zilikuwa za meli kubwa zenye umeme wa kutosha. Kilichozishusha hadi vyombo vidogo ni transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, inayotosheka na betri. Mwaka 1955 kampuni ya Brookes and Gatehouse ilianza kazi Lymington, kusini mwa Uingereza, ikitengeneza vifaa vya elektroniki vya vyombo vya tanga. Ule waya mweusi niliokuta Kilifi ni wa enzi iliyofuata, enzi ya kipima cha duara chenye taa inayozunguka na kumweka mara mbili: penye sifuri, kisha penye kina.

Upepo ulikuwa na chombo chake tangu zamani. Robinson wa Ireland alitengeneza kipima cha vikombe vinne mwaka 1846, na Patterson wa Kanada akathibitisha ubora wa vikombe vitatu mwaka 1926. Lakini vikombe vina maana vikiwa juu, mbali na tanga linalouvuruga upepo, naye msomaji yuko chini. Hapo ndipo waya ulipoingia ndani ya mlingoti. Baba aliupima upepo kwa shingo na masikio yake, tena usiku, na tanga la jahazi lilimtii.

Kwa miaka mingi kila kipima kilikuwa na waya wake na kioo chake, na hakuna kilichojua habari za jirani. Mwaka 1983 chama cha Marekani cha elektroniki za baharini, NMEA, kilitoa kanuni ya lugha moja: kifaa kimoja kinasema, vingine vinasikiliza, biti 4,800 kwa sekunde. Zile jozi zilizosokotwa ni za kanuni hiyo. Iliyofuata ilijengwa juu ya mtandao uliobuniwa na Bosch kwa ajili ya magari. Kebo moja hupita chomboni kama mkuku, vifaa vyote huning'inia humo, na kila ncha hufungwa kwa kizuizi cha omu 120. Ndani yake mna nyuzi mbili za umeme, mbili za habari, na moja tupu ya kukinga kelele. Huo ndio waya wa nne.

Kuupitisha ni kazi ya subira. Shaba isiyopakwa bati hunyonya chumvi chini ya ganda lake. Nilikata mmoja nikaukuta mweusi, nikarudi nyuma mkono mzima, bado mweusi. Kebo ya kina haitakiwi kulala na nyaya za redio wala za dinamo, maana mwangwi ni dhaifu na kelele huumeza. Kila kebo inayoingia kutoka sitahani huachiwa kitanzi kinachoning'inia, ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo.

La mlingoti ndilo nililolijua kwa kuumia. Nilipokuwa kijana niliuvuta waya mbovu ukatoka wote kabla sijafunga uzi wa kuvutia mpya. Nilishinda siku mbili juani, nikining'inia katika kiti cha kamba, nikishusha mnyororo mwembamba uliokwama kila mara kwenye henza za ndani. Tangu hapo waya mbovu nauheshimu. Unajua njia ambayo mimi siijui, kwa hiyo naufunga mpya mkiani mwake, naviringa tepu hadi kiungo kiwe laini kama mkia wa panya, kisha mmoja juu anasukuma na mmoja chini anavuta, polepole, kwa kuitana.

Kabla ya kukata kebo niliipima kwa mikono, kama baba alivyovuta kamba yake. Kutoka ncha ya mlingoti hadi usukani, pamoja na akiba, ilitoka pima 14.

Jioni tuliwasha. Kioo kikaandika mita 8.6. Nikatoa mfukoni bildi ya baba, ninayokwenda nayo kila kazi, nikaitupa ubavuni na kuivuta: pima tano kamili, yaani mita 9.1. Ile nusu mita si kosa la mtu. Kihisi kimekaa nusu mita chini ya uso wa maji na huanza kuhesabu hapo kilipo. Nikaingiza sahihisho, na namba mbili zikakubaliana.

Kisha nikamgeuzia mwenye yoti kitako cha bildi. Shahamu ilikuwa imebeba tope jeusi, zito, la kushika nanga vizuri. Kioo kilikuwa kimemwambia kina. Hili la tope alikuwa hajaambiwa, na usiku ule alilala bila wasiwasi kwa sababu yake.