Gladiola ya Manjano Asili Yake ni Afrika

Watu wengi wa Uvira wakiliona ua la gladiola bustanini, au limepambwa altareni siku ya sikukuu, husema: «Hilo ni ua la Wazungu.» Sisi twasema sivyo. Wazungu walilichanganya na kulikuza, lakini wazee wake walitoka Afrika, na mmoja wao huota hata katika nyanda za majani za milima iliyo juu yetu, upande wa Itombwe.

Jina lake ni la Kilatini. Gladius ni upanga. Gladiolus ni upanga mdogo. Mwenye kuyatazama majani yake ataona mara sababu. Ua la porini tunalolisema wataalamu huliita Gladiolus dalenii, kwa heshima ya Cornelius Dalen, mkuu wa bustani ya mimea ya Rotterdam. Lina kiazi chini ya udongo, mfano wa kitunguu. Moto wa kiangazi hupita juu yake, majani yakateketea, nacho kiazi hubaki salama. Mvua zikirudi huchipua. Mahali pengi katika Afrika watu walikijua kiazi hicho kuwa dawa ya tumbo.

Mwaka 1837, huko Enghien katika Ubelgiji, Bwana Bedinghaus, mtunza bustani wa Duki wa Arenberg, alipata aina mpya kwa kuchanganya dalenii na ndugu yake wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1841 Louis Van Houtte wa Gent alianza kuiuza, ikaitwa gandavensis, maana yake ya Gent. Padre Gregor Mendel alikuja kueleza habari za njegere zake huko Brno mwaka 1865. Basi Bedinghaus hakuwa na sheria yoyote ya urithi ya kumwongoza. Alikuwa na jicho lake na saburi.

Lakini manjano safi, laini, ililetwa hasa na ua jingine. Mwaka 1890 Bwana Baker wa Kew, Uingereza, aliandika habari za gladiola ya manjano ya milima ya Usagara, katika Tanzania ya leo, akaiita primulinus. Mwaka 1902 viazi vya namna hiyo vilitoka karibu na maporomoko ya Zambezi, vikapelekwa Uingereza kwa Francis Fox, mmoja wa mainjinia wa daraja lililomalizika pale mwaka 1905. Jani la juu la ua hilo huinama kama kofia. Watu walisema limeinama ili kuukinga unga wa ua na manyunyu ya maporomoko. Hadithi nzuri, ila Usagara hakuna maporomoko ya namna ile, na kofia ipo. Sisi twadhani mvua ya kawaida yatosha kuwa sababu.

Wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani waliichanganya na zile kubwa, wakapata manjano na machungwa ya kila namna. Na leo wataalamu huihesabu primulinus kuwa ni dalenii ile ile, yenye rangi nyingine tu.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Ua la mama huondolewa unga wake mapema, kabla haujakomaa, kisha hupakwa unga wa ua la baba na kufunikwa, nyuki wasiharibu shauri. Mbegu hupandwa, na hungojwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuona rangi. Watoto hawafanani, na wengi hutupwa. Yule mmoja anayependeza hazalishwi tena kwa mbegu, maana mbegu zitamgeuza; huzalishwa kwa viazi vidogo vinavyoota kando ya kile kikubwa, navyo humtoa yeye yule.

Mwenye bustani hapa Uvira aweza kuifanya kazi hiyo, ikiwa atakuta mzee wa porini bado yupo. Moto hauwezi kumwua, jembe laweza. Mteremko ukilimwa kila mwaka, kiazi hung'olewa na kutupwa pamoja na magugu, wala mkulima hajui alichokishika.