Tofaa na Mkate Kwenye Mti Mmoja

Kila ikifika Desemba huwa naulizwa maswali mawili. La kwanza huja kwa sauti kubwa: "Pasta, mti wa Krismasi si upagani?" La pili akina mama huniletea kwa sauti ya chini. Watoto wameona miti iliyopambwa mjini, wanataka wao pia, na pesa ya mapambo haipo kwa sababu karo ya Januari iko mlangoni. Ukijua mti huu ulitoka wapi, utaona maswali haya mawili yana jibu moja.

Wengi hukimbilia Yeremia 10. Hebu isome polepole. Mti wa nabii umekatwa, fundi akauchonga, ukafunikwa fedha na dhahabu, ukapigiliwa misumari usianguke, kisha watu wakaubeba kwa sababu hauwezi kutembea. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Desturi yetu ilizaliwa zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, katika nchi za Wajerumani.

Huko, katika Zama za Kati, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo waliigiziwa Maandiko. Mchezo wa Edeni ulihitaji mti, na katika baridi ile miti mingi imepukutika majani. Msonobari ndio unaobaki kijani, basi wakaufunga matofaa. (Mwanzo 3 haisemi tunda lilikuwa tofaa. Lakini tofaa huhifadhika, na lilikuwepo ghalani.)

Mwaka 1605 mtu mmoja aliandika alichokiona Strasbourg: watu wameweka misonobari sebuleni, wametundika maua ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba, karatasi za dhahabu na sukari. Mikate ile ilifanana na ile ya meza ya Bwana. Umeona? Tunda la anguko na mkate wa wokovu kwenye mti mmoja, mahali mtoto anapoweza kuugusa. Hayo ni mahubiri ambayo hayahitaji spika.

Si kila mhubiri alifurahi. Johann Konrad Dannhauer, mwalimu wa theolojia hapo hapo Strasbourg, alilalamika katika miaka ya 1640 kwamba watu wanajishughulisha na mti kuliko Neno. Wanautundika wanasesere na sukari, akasema, halafu unatikiswa hadi ubaki mtupu. Alitaka watoto waelekezwe kwa mwerezi wa kiroho, Kristo mwenyewe. Namwelewa kabisa! Lakini malalamiko yake yanatufunulia kitu: pambo lilikuwa chakula. Lilitoka jikoni, na mwishowe likaingia tumboni mwa mtoto.

Duka lilikuja baadaye sana. Katika kijiji cha Lauscha, Ujerumani, mafundi wa kioo walianza karne ya 19 kupuliza matunda na mipira ya kioo ya kutundika mtini. Wenyeji husimulia kwamba wa kwanza alikuwa fundi maskini aliyekosa pesa ya kununua matofaa halisi. Kazi ilifanyika nyumbani, baba akipuliza, mama na watoto wakipaka rangi. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara F. W. Woolworth akaanza kuyauza Marekani, na tangu hapo mzazi asiye na pesa akaanza kujiona amepungukiwa.

Kwetu desturi hii ilikuja na Wazungu, na mti tunaoukata zaidi, saipras, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Tukaongeza pamba iwe theluji, sisi ambao theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya tu. Sina ugomvi na pamba. Nasema tu kwamba hukosi chochote ukiwa huna.

Kwa hiyo mama, baba, tawi moja la saipras kwenye ndoo ya mchanga linatosha. Kata machungwa vipande vyembamba, uyaanike juani siku kadhaa hadi yakauke kabisa, maana yakibaki na maji yataota ukungu. Bisi na njugu zipite kwenye uzi. Sindano ashike mkubwa. Maganda makavu ya mahindi yaloweshe kwanza yalainike, kisha mtoto ayakunje na kuyafunga kiunoni, apate malaika. Maganda ya jakaranda yaokote chini ya mti. Ila mbegu za mbarika na zile nyekundu ndogo zenye doa jeusi usilete nyumbani kabisa, ni sumu kali. Na mishumaa isikaribie tawi kavu.

Weka pia tunda moja zima, pera au tofaa, na kipande cha chapati kavu kando yake. Mtoto atauliza kwa nini chapati iko mtini. Hapo ndipo unapomwambia.

Jioni ya tarehe 24 zima televisheni. Someni Mwanzo 3, halafu Luka 2. Mkimaliza kuomba, waache watoto wautikise mti na kula kinacholika. Machungwa makavu yachemshie chai.