Ubao wa Matangazo na Lugha ya Ukumbi: Mihadhara, Maigizo na Burudani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1961–1985

1. Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Afrika huandikwa mara nyingi kwa kufuata sheria zilizoviunda, vitivo vilivyofunguliwa na idadi ya wahitimu. Mambo hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, kila aliyepitia chuo kikuu anajua kwamba sehemu kubwa ya elimu yake aliipata nje ya ratiba ya masomo: katika mhadhara wa jioni uliotangazwa kwa karatasi moja ukutani, katika mchezo wa kuigiza, katika dansi, au katika mabishano yaliyoendelea bwenini hadi usiku wa manane. Ubao wa matangazo ni kumbukumbu ya maisha hayo, ingawa karatasi zake huchanwa kabla ya mwezi kwisha na hakuna maktaba inayozihifadhi.

Makala haya yanachunguza shughuli za namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1961 hadi kati ya miaka ya 1980. Wanahistoria wengi wamekwisha kueleza ni nani walizungumza chuoni hapo na walizungumzia nini. Swali linaloulizwa mara chache ni hili: walizungumza kwa lugha gani? Swali hilo si dogo, kwani lugha ya ukumbi ndiyo inayoamua ni nani aweze kuketi ndani yake, na ni nani aweze kujibu. Itaonekana kwamba jukwaa la maigizo lilikipokea Kiswahili mapema kuliko jukwaa la mhadhara, na kwamba tofauti hiyo ilikuwa na matokeo.

2. Kutoka mjini hadi kilimani

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiofika 20, nacho kilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa na majengo yake. Kiliwekwa katika jengo la chama cha TANU, katikati ya mji, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Msomaji wa Kongo hatakosa kuliona jina hilo: chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilizaliwa mwaka uleule alipouawa Patrice Lumumba, kwenye mtaa ambao ungekuja kubeba jina lake.

Mwaka 1963 chuo kiliunganishwa na vile vya Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kuhama kwenda kilimani kulileta nafasi, mabweni na kumbi. Lakini kuliongeza pia umbali. Mkazi wa Kariakoo aliyeweza kupita mbele ya mlango wa chuo kwa miguu, sasa alihitaji safari ili akione. Umbali wa njia ulikuja juu ya umbali mwingine uliokuwapo tangu mwanzo, yaani umbali wa lugha, maana masomo yote yalitolewa kwa Kiingereza.

Hatari ya umbali huo ilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Siku hiyo wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza mamia kati yao na kuwarudisha makwao. Hapo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi baadaye. Swali walilolikuta liliwangoja wote: chuo hiki ni cha nani?

3. Mihadhara ya jioni na kisa cha malori

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi wa Machi ulifanyika mkutano chuoni kujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Novemba mwaka huo wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, kikiongozwa na mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Wanachama wake walitoka katika nchi kadhaa za Afrika. Mji wenyewe ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na ya vyama vya ukombozi kama FRELIMO. Kwa hiyo wasemaji hawakutafutwa mbali. Naye Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967, kisha 1969 hadi 1974, hakuwa mtu wa kuiachia hoja yake ndani ya darasa. Kitabu chake maarufu juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kilikomaa katika mabishano ya kilima hicho.

Mabishano hayo yaligusa hata burudani. Wanafunzi walikuwa wamerithi kutoka vyuo vya Uingereza sherehe iliyoitwa Rag Day. Siku hiyo walivaa matambara, wakapanda malori, wakazunguka mjini wakichekesha watu na kukusanya fedha za kuwasaidia maskini. Mwaka 1968 wanachama wa USARF waliamua kuizuia. Walitoa upepo katika magurudumu ya malori, nayo malori yakakwama. Hoja yao ilikuwa wazi: mwanafunzi anayesomeshwa kwa jasho la mkulima hana haki ya kuufanyia mchezo umaskini wa mkulima huyo, hata kama senti anazokusanya zinakwenda kwa maskini. Kisa hiki huonekana kama utundu wa vijana. Kwa kweli kilikuwa mjadala kuhusu burudani: ni nani anayechekwa, na ni nani anayecheka.

Novemba 1969 chama hicho, pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, kilianza kutoa jarida lililoitwa Cheche. Jina hilo lilifuata mfano wa Iskra, gazeti la Lenin, na lile la The Spark la Ghana ya Nkrumah. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa tabaka nchini Tanzania. Novemba mwaka huo jarida na chama vyote viwili vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina hilo lilinukia itikadi ya kigeni, ilhali Tanzania ilikuwa na ujamaa wake. Mwaka 1971 vijana wa TANU chuoni walianzisha jarida jingine, nalo walilipa jina la MajiMaji, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani.

Jambo moja lafaa kuangaliwa hapa. Cheche ni neno la Kiswahili, na Maji Maji ni jina analolijua kila mtoto wa Tanzania. Lakini maandishi yaliyokuwa chini ya majina hayo yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya Kiingereza. Mkulima aliyetetewa katika kurasa hizo asingeweza kuzisoma. Mlango ulipakwa rangi ya Kiswahili, ila kufuli lilibaki lilelile.

Ni haki pia kusema kwamba Kiingereza kilikuwa na kazi yake. Bila lugha hiyo Mganda, Mmalawi na Mguyana wasingeweza kubishana chini ya dari moja. Lugha iliyomfungia nje mkazi wa Kariakoo ndiyo iliyomfungulia mgeni kutoka mbali. Ukumbi huo ulikuwa wa Afrika nzima, lakini haukuwa wa mji ule.

4. Jukwaa la maigizo

Wakati huohuo, katika kilima hichohicho, kazi ya namna nyingine ilikuwa ikiendelea. Masomo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa mwaka 1967. Ebrahim Hussein, aliyesoma chuoni hapo, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mada yake ni vita vya Maji Maji: Kinjeketile anawaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa imani ya maji, kisha imani hiyo inawashika watu kwa nguvu kuliko yeye mwenyewe. Mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua neno hilo litawavunja moyo wale watakaokuja kupigana baadaye.

Swali hilo, la kiongozi aliyezidiwa na neno lake mwenyewe, halikuwa jepesi kuliko yale yaliyojadiliwa katika mihadhara. Tofauti ni kwamba liliulizwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka tafsiri ya pili ya Nyerere kutoka kwa Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Basi fikra ya wakati ule kwamba Kiswahili hakitoshi kubeba mambo mazito ilikuwa ikijibiwa kwa vitendo, na Kinjeketile ilijibu kwa namna ya pekee: iliandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1970. Safari ya maneno ilikuwa imegeuza njia.

Penina Muhando, baadaye Penina Mlama, aliendeleza njia hiyo kwa Hatia mwaka 1972 na tamthilia nyingine baada yake. Yeye na wenzake, akiwemo Amandina Lihamba, hawakuridhika na jukwaa la chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na vijana wa huko. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakijiji walichagua wenyewe matatizo ya kuigiza, wakatumia ngoma zao, na baada ya onyesho wakakaa kujadili. Kazi ya aina hiyo isingewezekana kwa Kiingereza hata siku moja.

Kiswahili kilipata pia makao darasani pale Idara ya Kiswahili ilipoundwa mwaka 1970, ikifundisha somo lake kwa lugha hiyohiyo. Matokeo yake yalionekana katika mgogoro wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alichapisha mwaka 1974 diwani yake Kichomi, isiyofuata vina na mizani. Mulokozi na Kahigi walitetea uhuru wa mshairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, mwaka 1979. Washairi wa jadi hawakunyamaza. Jumanne Mayoka alitoa kitabu kizima juu ya mgogoro huo mwaka 1984. Washairi waliojifunza utenzi kwa wazee wao, bila kukanyaga Mlimani, waliweza kusoma hoja za wasomi na kuzipinga hadharani. Hakuna mjadala mwingine wa chuo hicho uliopata wapinzani wengi kiasi hicho kutoka nje ya chuo.

5. Wakongo kilimani

Kongo nayo haikukosa nafasi katika historia hii. Jacques Depelchin na Ernest Wamba dia Wamba walifundisha historia huko Dar es Salaam. Wamba alianza mwaka 1980. Alipokuja nyumbani Zaire mwishoni mwa mwaka 1981, alikamatwa, akaachiliwa mwaka uliofuata baada ya wasomi wa nchi nyingi kupaza sauti. Mwaka 1985 alichapisha uchambuzi juu ya mazungumzo ya hadhara ya jamii za Kikongo kama njia ya kutatua mizozo. Katika baraza la namna hiyo kila mmoja ana haki ya kusema, na mkutano haumaliziki kabla jambo halijasemwa lote. Wamba alifariki mwaka 2020, lakini kipimo alichokitoa bado kinafaa. Ukumbi ambao nusu ya wenyeji hawawezi kusema ndani yake haujawa baraza.

Kipimo hicho kinagusa Lubumbashi vilevile. Baada ya mageuzi ya mwaka 1971 masomo ya fasihi ya nchi nzima yaliwekwa katika kampasi ya mji huo, na lugha ya mihadhara ilikuwa Kifaransa. Mjini, kundi la Mufwankolo lilikuwa likiigiza kwa Kiswahili cha Shaba redioni na mbele ya umma, likisema juu ya ndoa, kazi, fedha na utawala. Johannes Fabian, aliyefundisha katika kampasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifuatilia mwaka 1986 jinsi kundi hilo lilivyotunga igizo juu ya utawala, akaliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Huko pia, basi, jukwaa la maigizo lilitangulia, na mhadhara ukafuata nyuma ukibeba daftari.

6. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakumbukwa kwa mihadhara yake, na kwa haki. Lakini hoja zilizoshuka kilimani na kurudi na majibu ni zile zilizosemwa kwa lugha ya walio chini ya kilima. Hilo halina maana kwamba Kiingereza au Kifaransa kiondolewe; mgeni naye anahitaji mlango. Maana yake ni kwamba anayebandika tangazo la mhadhara, la onyesho au la tamasha anaamua jambo zito kuliko saa na mahali. Kwa lugha anayoichagua, anaandika orodha ya waalikwa.