Mzigo Unaopumua

Bia, sabuni na kahawa ndizo bidhaa zilizoipa Zone Industrielle ya Bujumbura sura yake. Mtaa huo wa viwanda uko karibu na bandari, na si mbali na Buyenzi, ambako Kiswahili husikika toka msikitini hadi gereji. Kampuni ya bia ya Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, jiji likiwa bado linaitwa Usumbura. Kreti za bia yake ya Primus zikichelewa siku mbili njiani, hakuna kinachoharibika. Lakini jiji hilohilo limesafirisha pia mzigo ambao ukichelewa unakufa: samaki hai wa Ziwa Tanganyika.

Wavuvi waliwathamini samaki kwa sufuria: ndagala, mukeke, sangala. Vile vidogo vya rangirangi vinavyoishi kwenye miamba havikuwa na bei sokoni. Wataalamu wa Ulaya walivitamani tangu karne ya 19, na msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ulikusanya vingi, ila vilifika Brussels vikiwa mizoga ndani ya chupa za dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekwisha kusafirisha samaki wa Mto Kongo kutoka Léopoldville, alihamia Burundi akitaka samaki wa Tanganyika wafike wakiwa wanaogelea.

Ugumu ulianzia chini ya maji. Samaki hawa hawana njia ya kuitoa haraka hewa iliyo katika kibofu chao. Ukimpandisha mmoja ghafla kutoka kilindini, hewa hiyo hutanuka, tumbo likavimba, naye akaelea kichwa chini. Kwa hiyo hupandishwa kituo kwa kituo, na kila kituo kina muda wake wa kungoja.

Kisha unakuja mfuko wa plastiki. Samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili ili tumbo liwe tupu. Mfuko hutiwa maji kiasi cha theluthi, na nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi. Mdomo husokotwa na kubanwa kwa mpira, mfuko wa pili ukavishwa juu, kisha yote yakapangwa katika boksi linalozuia joto na baridi. Tangu hapo hadi Ulaya, ulimwengu mzima wa samaki yule ni maji hayo machache na hewa hiyo iliyofungiwa.

Wachezaji wa Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa vyombo vya angani uliotoka mwaka 2014, wanaijua hofu hiyo. Kioo cha rubani kikivunjika, saa huanza kuhesabu: dakika 5 kwa mtambo duni wa hewa, 25 kwa ulio bora kabisa. Ila mchezo huo huhesabu oksijeni tu. Mfuko wa Bujumbura una hesabu ngumu zaidi.

Samaki hutoa hewa ukaa na pia amonia. Maji ya Tanganyika yana ualikali mwingi, pH yake ikikaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia ni sumu kali. Hewa ukaa nayo, inavyozidi kuyeyuka mfukoni, huyatia maji asidi na kuipunguzia amonia makali. Yaani uchafu mmoja humlinda samaki dhidi ya mwingine, jambo la ajabu kweli! Hatari kubwa hungoja mwisho wa safari: mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia iliyolala huamka. Ndiyo maana mpokeaji mwenye uzoefu hamwachi samaki akae katika maji aliyosafiri nayo.

Wanaanga wa Apollo 13 nao walikaribia kuangamia kwa uchafu wa pumzi zao mwezi Aprili 1970. Oksijeni ilikuwapo, lakini hewa ukaa waliyoitoa wenyewe ilizidi kujaa chomboni. Kilichowaokoa ni kichujio kilichoungwa kwa utepe wa gundi, karatasi ngumu na, naam, mifuko ya plastiki. Mwaka 1994 samaki wenyewe walipaa: medaka wanne wa Japani walipandana na kutaga ndani ya chombo cha angani Columbia, na vifaranga vikaanguliwa hukohuko.

Tukirudi Tanganyika, mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa samaki mmoja jina la Brichard, *Lamprologus brichardi*. Wafanyabiashara wakamwita Binti Mfalme wa Burundi. Brichard alifariki mwaka 1990, na bintiye akaendeleza kazi. Vikaja vita vya 1993, kisha vikwazo vya nchi jirani kuanzia 1996 hadi Januari 1999, vilivyobana biashara yoyote iliyotegemea ndege.

Nalo ziwa alimotoka Binti Mfalme lina mpaka wake wa pumzi. Kina chake hufika mita 1,470, lakini upande wa Bujumbura oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo ni maji meusi yasiyo na samaki hata mmoja.