Sossion, mwana wa Bomet aliyeongoza KNUT

Wilson Sossion, mwenyeji wa Bomet, alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kitaifa cha Walimu nchini Kenya (KNUT) tangu 2013 hadi 2021. Awali alikuwa mwenyekiti wa kitaifa wa chama hicho, kilichoundwa 1957.

Wanachama huchagua maafisa wa matawi. Wajumbe wa matawi huchagua viongozi wa kitaifa.

Mnamo Julai 2019 KNUT ilishinda kesi kuhusu mwongozo wa kuwapandisha walimu vyeo. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ikawanyima wanachama wake nyongeza ya mishahara iliyotokana na mwongozo huo. Maelfu wakahama, na ada zikakauka.

Sossion alijiuzulu Juni 2021. Collins Oyuu akachaguliwa kumrithi.