KIAPO NA KIPIMO CHAKE

Kiongozi anapoapishwa huinua mkono, hutamka maneno, hupigiwa makofi. Mara nyingi jambo huishia hapo. Sisi tunaofundisha siasa tunaona inafaa makada wajiulize: neno kiapo lilikuwa na maana gani kwa wazee wetu?

Kwanza tulitenge na wenzake. Ahadi, nadhiri na yamini ni maneno yaliyotoka Kiarabu. Yamini asili yake ni mkono wa kulia. Lakini kiapo kimetokana na kitenzi cha Kibantu, kuapa. Kitenzi hicho hicho kimezaa kuapisha na pia kuapiza, yaani kulaani. Aliyeapa alijiwekea laana mwenyewe endapo angesema uongo.

Tena, kiapo lilikuwa jina la jaribio lenyewe. Mtuhumiwa alinyweshwa mwavi, sumu ya gome la mti, au alishikishwa shoka lililochomwa moto. Hata leo lugha yetu inasema kwamba mtu hula kiapo. Haisemi anakitamka tu.

Hatusifu mwavi. Uliua wasio na hatia, wala haukuwa njia ya kupata ukweli. Tunachukua fundisho moja tu: kiapo kisicho na kipimo ni maneno matupu.

TANU ililitambua jambo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutosheka na kiongozi kusema kwamba anaamini Ujamaa. Liliweka masharti: asiwe na hisa katika kampuni yo yote, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Kipimo hicho hakikumdhuru mtu, na hata mkulima aliweza kukitumia, kwa kuwa nyumba huhesabika.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ililegeza masharti hayo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaja kumtaka kiongozi atangaze mali yake. Lakini kutangaza mali ni jambo moja, na kukatazwa kujilimbikizia ni jambo jingine. Ahadi za mwanachama zimebaki katika Katiba ya Chama. Je, kipimo chake kiko wapi?

Swali hilo lijadiliwe matawini, bila woga wala fitina. Wazee walisema ahadi ni deni. Mdai wetu ni umma, na mdai ana haki ya kuuliza.