Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kitabu Kilichobeba Jina la Mwingine

Mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kwa jina la Carl Velten. Velten alikusanya na kuhariri; maneno yenyewe ni ya Waswahili, na wa mbele miongoni mwao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Hapo ndipo walipofunzwa maafisa waliokwenda kuitawala nchi yake.

Je, maandishi yaliyotakiwa na mtawala yaweza kuwa ya mtawaliwa? Wapo wanaoyaona kuwa taarifa tu za kumhudumia Mdachi. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mhariri ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Hata hivyo, asomaye habari za uzazi, jando, harusi, ngoma na pepo hukutana na Kiswahili cha mtu wa pwani aelezaye mambo ya kwao kwa istilahi za kwao, bila kuyaomba radhi. Sauti hiyo haikuwa ya Velten.

Mwaka 1905 Mtoro alirejea Afrika Mashariki pamoja na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni iliwakatalia kushuka pwani, wakarudi Ulaya. Alifariki mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotolewa mwaka 1981, ndiyo iliyoliweka jina lake katika anwani ya kitabu.